Majivu ya Baba Yamefika Kihesa

Kihesa, Iringa
Jumatatu, 18 Agosti 2025

Mpendwa Mama mdogo Eveline,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba miguu imeacha kuvimba kwa zile zamu zako za hospitali. Hicho kiangazi chenu cha Ufini nasikia kinaisha kabla mtu hajaanika nguo. Sisi huku ni wazima wa mwili. Baridi ya Kihesa mwaka huu imekuja na hasira zake, asubuhi tunaogopa hata kunawa uso. Goti la mama linamsumbua lakini anakula. Tangu Jumamosi anakula hasa, mpaka anaongeza.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu Kalinga wa kwaya anaondoka Alhamisi kuja huko masomoni, na amekubali kukuletea. Kwenye grupu la ukoo siwezi kuandika haya. Ukiandika neno pale asubuhi, jioni linajulikana mpaka Songea.

Juzi mama alikupigia simu akakwambia tunamzika baba. Najua ulishangaa, ukaogopa kuuliza tunazika nini. Nitakueleza mwanzo mpaka mwisho. Ukishasoma unihukumu, ila usinihukumu kabla hujamaliza.

Mwezi wa tano ulipopiga simu ukilia, ulimuuliza mama maiti iko wapi, akakujibu hakuna maiti. Siku ile hakuna aliyekuwa na akili ya kukueleza vizuri. Baba alilazwa Mbeya wiki tatu, na wiki zote tatu mama alilala sakafuni pembeni ya kitanda chake. Kisha baba mkubwa Hardik, kaka yake baba, yule mwenye duka la vitambaa Mbeya, akamwambia mama arudi nyumbani siku mbili akapumzike na kubadilisha nguo. Akamwambia asiwe na wasiwasi, yeye yupo. Mama akamshukuru. Alimshika mikono yote miwili akamshukuru, Mama mdogo, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Usiku wa pili baba akafariki. Ilikuwa alfajiri, saa kumi na moja. Sisi tulipigiwa simu saa saba na robo mchana, na moto ulikuwa umeshawashwa.

Mila ya Wahindu naijua, nimelelewa nayo upande mmoja. Marehemu hakawizwi. Huchomwa siku ile ile, na ikiwezekana jua halijazama. Kwa hiyo nilimtetea baba mkubwa. Nilimwambia mama kwamba huyu mzee hakukusudia, alikuwa anakimbizana na muda. Lakini mama ni wa upande mwingine. Kwetu Wahehe mtu hazikwi wakati ndugu zake wako njiani, na mke ambaye hakutupa udongo wake kaburini hajui aanzie wapi kuwa mjane. Ndivyo mama alivyokuwa. Alikataa kuanua tanga. Kila asubuhi alikuwa anamtengea baba kikombe cha chai, anakaa mbele yake mpaka kinapoa, halafu anakwenda kukimwaga.

Julai shangazi wa Dar akapiga simu kutujulia hali. Katika kuongea akasema jinsi alivyohangaika kupata tiketi ya ndege siku ile, alipopigiwa saa kumi na moja alfajiri. Nikamwomba arudie. Akarudia bila kujua anachonipa. Walimpigia alfajiri, wakamngoja, akafika Mbeya saa tano, wakamngoja aoge na abadilishe nguo, ndipo wakawasha. Kutoka hapa hadi Mbeya ni mwendo wa saa sita. Tungepigiwa alfajiri ile ile tungemkuta baba.

Nitasema wazi. Kuanzia siku hiyo nilimchukia baba mkubwa, na chuki ile ilinipa nguvu. Nilikuwa naamka nayo, nafundisha nayo, nasahihisha nayo madaftari. Sikutaka aombe radhi. Nilitaka nimnyang'anye kitu ambacho hakirudishiki, kama alivyotunyang'anya.

Na shangazi alikuwa ameshaniambia ni kitu gani. Baba mkubwa alikuwa ameyahifadhi majivu ya baba kwenye kabati la hekalu, lile dogo la kilimani nyuma ya mji wa Mbeya, mpaka Novemba atakaposafiri kwenda India kuyamwaga katika mto Ganga. Safari hiyo alikuwa anaitangaza kwa kila mtu. Nikawaza: na aende. Atoke Dar mpaka India, aingie kwenye maji na nguo zake, amwage majivu ya jikoni kwetu.

Ijumaa alfajiri nikachota jikoni majivu ya kuni na magunzi, nikayachekecha, nikayajaza kwenye kopo la maziwa ya unga. Kopo jingine tupu nikaliosha nikalikausha kwa ajili ya baba. Mama nilimdanganya nina semina ya walimu. Nikapanda basi peke yangu na makopo yangu mapajani. Mafinga, Makambako, Chimala, mpaka Uyole sikusinzia hata kidogo. Dada mmoja wa kiti cha pembeni aliniuliza kama naenda harusini, nina uso wa furaha. Nikamwambia ndiyo.

Kilimani nilipanda kwa miguu saa tisa alasiri. Baba aliwahi kunipeleka nikiwa darasa la tatu, na njia ni ile ile, mawe na majani makavu na upepo unaokusukuma kifuani. Juu hapakuwa na mtu ila mama mmoja wa Kinyakyusa, Andendekisye, anayefagia hekalu. Kuhani wao alikuwa mjini. Tulisalimiana vizuri. Nilimwambia mimi ni mtoto wa Bharat, nimekuja kumwombea. Akanihurumia, akanionyesha kabati mwenyewe, kisha akaniambia: "Baba yako mkubwa naye anapandaga kila jioni. Anakaa hapo hapo chini, jua likizama ndo anashuka."

Akaenda kuchota maji ya kudekia. Kabati halina kufuli. Kulikuwa na chungu kimoja tu, cha shaba, kimefungwa kitambaa chekundu. Nilikifungua nikidhani nitaona majivu kama yangu. Si kama yangu. Yana uzito wake, na yana vipande vyeupe. Nilipiga magoti pale, nikamwambia baba samahani kwa haraka hii, nikamhamisha. Kisha nikajaza majivu ya jikoni, nikafunga kitambaa vile vile na fundo lile lile. Kazi yote haikuchukua muda wa kuchemsha yai.

Ningeweza kuondoka. Mtu mwenye akili angeondoka. Lakini maneno ya yule mama yalikuwa yameninogea: anapanda kila jioni. Nikaaga, nikazunguka nyuma ya hekalu, kwenye baraza linalotazama magharibi, nikakaa chini ya dirisha la nondo, viatu nimevishika mkononi na baba nimempakata. Nilitaka nimsikie akiyaabudu majivu ya magunzi. Hiyo ndiyo sababu pekee iliyonikalisha pale.

Basi nikatazama jua, maana hapakuwa na kingine cha kutazama. Sijawahi kukaa peke yangu mahali pakimya namna ile, Mama mdogo. Wewe unajua maisha yetu, shule kelele, nyumbani wageni, kanisani ngoma. Kule juu ilikuwa upepo na ile kengele ya mlangoni ikijigonga yenyewe kidogo kidogo. Mji wote ulikuwa chini, mabati yanawaka. Mbele ni Mbalizi na milima ya Songwe, na vumbi la kiangazi limechanganyika na moshi wa mashamba yanayochomwa. Jua likaingia ndani ya moshi ule likawa jekundu, kubwa, unaweza kulitazama bila kukunja macho. Nililitazama likishuka nikasema moyoni, ndilo hili mlilolikimbilia. Mliogopa lisizame kabla hamjamaliza. Lilivyozama taratibu siku hiyo, ungedhani linanionyesha kwa makusudi jinsi muda ulivyokuwa mwingi.

Lilipobaki nusu nikasikia kengele imepigwa kwa mkono wa mtu. Kisha fimbo kwenye sakafu, kisha kishindo cha mzee anayekaa chini kwa shida. Alikuwa upande wa pili wa ukuta, karibu yangu kiasi kwamba nilisikia anavyopumua.

"Kamwene, Bharat," akasema.

Kamwene! Kama mzee wa Kihehe anayeingia kwa jirani. Unajua walikulia hapa Iringa, wao kwa wao walikuwa wanaongea Kiswahili na Kihehe, Kigujarati kilikuwa cha wazazi. Akaanza kumsimulia baba habari za siku hiyo. Dukani pamedorora. Jino linamuuma. Nilijiziba mdomo kwa kitenge, nacheka, machozi yananitoka kwa kicheko. Mzee mzima anaongea na jiko la mama.

Halafu akamtaja mama, "Esta bado hapokei simu yangu." Akasema tena, "Ningemwita asubuhi ile angekudai, Bharat. Angesema uzikwe kwao, na mimi nisingeweza kumkatalia, wewe mwenyewe unajua. Ningebaki na nini?"

Utasema moyo wangu ulilainika. Haukulainika. Kicheko kiliisha, ndiyo, lakini hasira ilipanda upya, maana mpaka dakika ile kilikuwepo kijisehemu changu kilichokuwa kinasema labda alichanganyikiwa, labda alisahau. Kumbe alikaa akapima. Alijua mama ana haki, na ndiyo maana alimkwepa. Jua lilizama, kuhani akaja akawasha taa, wakaimba sala yao wawili, na mimi nikateremka kilima miguu peku mpaka nilipofika mbali ndipo nikavaa viatu.

Jumamosi saa nane mchana niliweka kopo mezani mbele ya mama. Nikamwambia ni nani. Hakuniuliza semina imekwendaje. Alilifunika kwa mikono yote miwili, kisha akaenda kunawa uso, akafunga kitenge kipya, akaniambia nimwite Edmund jirani aje na jembe.

Edmund akachimba nyuma ya nyumba, shimo dogo la mraba, safi kabisa. Mchungaji Amos akaja, majirani wakajaa. Saa kumi jioni mchungaji akafungua kitabu. Mama alikuwa ameshashika udongo mkononi. Akanigeukia akauliza, "Hardik ameambiwa?"

Nikasema hapana, na hataambiwa. Nikamweleza hapo hapo, mbele ya watu, kile kilichomo kwenye chungu cha shaba na mahali kinakokwenda mwezi wa kumi na moja. Wengine waliangua kicheko. Mama alitabasamu kidogo, nisikufiche. Kisha akaurudisha udongo chini, akapangusa mikono. "Basi tunangoja," akasema.

Mama mdogo, nilipiga kelele. Nilimuuliza, kwani baba mkubwa alitungoja? Nilimwambia nimesafiri siku mbili nimempokonya mwizi kile alichoiba, na yeye anataka kumwalika mwizi. Mama akanijibu kwamba ndugu yake marehemu hajafika, na kwetu hatuziki hivyo. Akaomba simu. Alichokisema nilikisikia mimi na Kihesa nzima: "Shemeji, mdogo wako yupo hapa kwangu. Tunamzika. Tunakungoja wewe tu." Nadhani alijibiwa kwamba Bharat yupo kabatini, maana mama akasema, "Kaangalie vizuri," akakata.

Shimo likafunikwa bati. Mama akalala sebuleni, kopo kichwani pake, watu wakakesha. Nilijiona nimeporwa kisasi changu na mama yangu mwenyewe.

Jana saa saba mchana gari likaingia. Baba mkubwa akateremka na chungu chake cha shaba amekikumbatia, kitambaa chekundu kimefunguka, nywele zimejaa vumbi. Uwanja mzima ulisimama. Mama akamwendea kwa lile goti lake bovu, akachukua chungu mikononi mwake kwa adabu, akampa Edmund. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Karibu, shemeji. Tumekungoja saa ishirini na moja. Mimi hukuningoja hata moja."

Mzee akakaa chini. Pale pale kwenye vumbi, na suruali yake nyeupe. Hakuna aliyekwenda kumwinua, na mimi nilikuwa wa kwanza kutokwenda.

Tukazika. Mama alitupa udongo wake, akalia kilio ambacho kilikuwa kimekaa humo tangu Mei, mpaka nikaogopa. Baba mkubwa alitupa wa pili. Nilidhani yameishia hapo, atakula atarudi kwake. Mama akamwambia haondoki mpaka tanga lianuliwe Jumatano. Kisha akachukua kiti akakiweka karibu na mlango wa sebule.

Unaujua msiba wetu. Kila anayeingia hukaa, hupoa, kisha huuliza marehemu aliugua nini na alifariki vipi, na mtu wa karibu huanza kueleza tangu mwanzo. Mwezi wa tano watu walikuja wakauliza, mama akawa anatazama chini. Alikuwa hana la kueleza. Jana akamwonyesha baba mkubwa kile kiti akamwambia, "Wewe ulikuwepo. Utawaeleza wewe."

Na anaeleza. Jana peke yake alieleza mara kumi na moja. Mara ya kwanza alisema, "Alifariki mikononi mwa familia." Mama, aliyekuwa amekaa mkekani nyuma yake, akauliza taratibu, "Familia ipi?" Akaanza upya. Mara ya pili akaruka habari ya simu. Mama akauliza, "Na simu?" Akairudia, na saa zake. Sasa anaisema bila kuulizwa: dada yangu nilimpigia saa kumi na moja, mke wake nilimpigia saa saba na robo. Wageni wanamtazama, wanapewa chai. Anaingia mwingine.

Leo asubuhi, akiwaeleza walimu wa shule yangu, alifika mahali ambapo hakuwahi kufika. Alisema usiku ule baba aliamka akauliza, "Esta ameshafika?" Yeye akamjibu yuko njiani. Baba akauliza tena, na tena, akajibiwa vile vile. Akafariki akijua mama yuko njiani. Na mama alikuwa hapa Kihesa anampigia pasi shati.

Mama aliinuka akaenda jikoni. Nilimfuata, akanizuia kwa mkono. Kisha akarudi na kikombe cha chai, akakiweka mbele ya baba mkubwa, akaketi mahali pake mkekani. "Endelea, shemeji," akamwambia.

Kwa hiyo nimeelewa, na hasira yangu imepata kazi. Tangu saa nne niko kwenye simu. Nimewapigia watu wa Ilula, wameahidi kuja kesho wote, hata wale waliokuwa wanavuna nyanya. Idodi wamekodi gari zima. Wanakwaya wanakuja saa tisa. Kila ninayempata namwambia jambo moja tu, ukifika usiwahi kula, uliza kwanza alifariki vipi.

Msalimie baba mdogo Crispin, na mwanao Vitus mwambie kaptula alizoacha hapa zimeshakuwa za Edmund. Mama anakusalimu sana, anasema usijilaumu kwa kutofika, wewe ulipigiwa na ukasema tuendelee, hilo ndilo alilotaka kusikia.

Nina ombi moja. Kalinga atakufikishia barua hii baba mkubwa ameshaondoka, ila namba yake ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha. Wewe ni mdogo wake mama, nawe hujaelezwa. Mpigie. Msalimie kwa heshima, muulize hali ya jino lake, kisha mwambie unataka kujua shemeji yako Bharat alifariki vipi. Na akisema tu kwamba alifariki alfajiri, muulize Bharat mwisho aliuliza nini.

Mungu akulinde huko mbali, akupe usingizi wa kutosha, na akurudishe nyumbani ukiwa na afya.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda kuliko ninavyoandika,

Nidhi